Msaada: rimoti ya darubini inanipeleka kwenye nyota ambayo haipo

Mwalimu_Kongwa | 9 Agosti, 20:52

Wakuu habari za usiku. Naomba msaada wa haraka maana niko uwanjani sasa hivi na watoto wamenizunguka.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, shule ya kata huku Kongwa. Shemeji yangu anayeishi Ujerumani alitupa darubini iliyotumika kwa ajili ya klabu ya sayansi. Ni ile fupi nene kama kopo la rangi, inchi 5, imeshikwa na mkono mmoja wenye mota ndani, na ina rimoti yenye waya wa kujikunja kama wa simu ya mezani. Rimoti ina kioo chekundu cha mistari miwili, mishale minne na vitufe vya namba. Ukishaipa nyota mbili za kuanzia, unaandika kitu unachokitaka na darubini inageuka yenyewe kukifuata. Ndivyo kitabu kinavyosema.

Nimeiweka usawa kwa pima maji, nimeielekeza kaskazini, nimejaza mahali, tarehe na saa. Nikaomba nyota mbili. Ya kwanza ikaniletea Achernar. Siijui, nikasema haya, wewe ndiye mwenye akili, nipeleke. Ikaunguruma, ikageuka hadi kusini kabisa, ikasimama. Nachungulia: vinyota vidogo vidogo tu, hakuna chochote cha kuitwa nyota kubwa. Nikabadilisha, ikanipa Aldebaran, nayo hakuna kitu. Wakati huohuo Antares, ile nyekundu ya kwenye Nge ambayo hata mimi naijua, iko karibu na utosi wangu, lakini kwenye orodha yake haimo!

Je, imeharibika? Kuna fundi wa hivi vitu Dodoma?

Chuma_cha_Pua | 20:55

Ngoja waje wajuzi. Mimi nimeweka kiti hapa.

kiberiti77 | 20:56

Mwalimu, mtafute mganga wa nyota, ana uzoefu na nyota zisizoonekana 😂

Bi_Nyota_Tanga | 20:59

Mwalimu usiipeleke kwa fundi yeyote, watakufungulia gia bure. Darubini yako ni nzima. Inadhani ni alfajiri.

Nimejuaje? Achernar mwezi huu wa nane, huko kwenu, inachomoza saa nne na nusu usiku. Kwa sasa bado iko chini ya upeo. Kusimama kusini kabisa kama unavyosema ni mpaka kwenye saa kumi na moja alfajiri. Aldebaran nayo ni ya alfajiri. Na ndiyo maana Antares haimo kwenye orodha: alfajiri inakuwa imeshazama, na rimoti haikupi nyota ambayo kwa hesabu yake imezama.

Swali: kwenye saa uliandika nini?

Mwalimu_Kongwa | 21:01

Niliandika 02:30. Nilianza saa mbili na nusu.

Bi_Nyota_Tanga | 21:03

Hapo hapo. Umeiandikia saa ya Kiswahili, yenyewe inasoma saa ya kizungu. Kwake 02:30 ni saa nane na nusu usiku wa manane. Tazama juu ya post yako ya kwanza, jukwaa limeandika 20:52. Saa ya rimoti ni hiyo. Zima, washa, jaza upya kwa saa ya simu yako iliyo kwenye mfumo wa saa 24.

Na majira ya joto, pale inapouliza "Daylight Saving", jibu ni "No". Sisi hatuna mambo hayo. Kanda ya saa ni +3.

Ila kuna kitu hakijakaa sawa kichwani mwangu. Kwa kosa la saa peke yake Achernar ingekuwa bado inapanda, kusini ikiegemea mashariki. Wewe umesema kusini kabisa. Jaza kwanza, kisha urudi.

Chuma_cha_Pua | 21:04

Huyu dada ni CID wa angani 🙌

Mwalimu_Kongwa | 21:14

Nimerudi. Nimeandika 21:10. Orodha sasa imebadilika, Antares imo, Vega imo, Altair imo. Watoto wameshangilia kama tumefunga goli.

Nikachagua Vega kwa sababu naiona kaskazini pale inang'aa peke yake. Ikageuka kaskazini vizuri, urefu kutoka chini ni uleule, lakini imesimama kushoto ya Vega. Sio kidogo. Nimenyoosha mkono nikapima kwa ngumi: ngumi mbili na nusu hivi.

Bi_Nyota_Tanga | 21:17

Asante kwa kupima kwa ngumi, wengi wanaandika "iko mbali kidogo" halafu unabaki unakisia. Ngumi moja mkono ukiwa umenyooka ni kama nyuzi 10.

Ukitazama kaskazini, kushoto ni magharibi. Kwa hiyo rimoti inaamini Vega imeshasogea kuelekea magharibi, yaani inaamini usiku umekwenda mbele kuliko ulivyo. Kwa nyota ya kaskazini kama Vega, ngumi mbili na nusu ni karibu saa mbili nzima. Na nyota hutangulia dakika 4 kila siku inayopita. Siku 30 ni dakika 120, saa mbili.

Rimoti yako iko mwezi mmoja mbele. Tarehe uliiandika 09/08, siyo?

Mwalimu_Kongwa | 21:18

Ndiyo. Tarehe 9 mwezi wa 8.

Bi_Nyota_Tanga | 21:19

Yeye anaanza na mwezi. Umemwambia ni tarehe 8 Septemba. Andika 08/09. Ungeanza tarehe 13 au baada ya hapo ungeokoka, maana hakuna mwezi wa 13, ingekukatalia papo hapo. Hizi siku 12 za mwanzo wa mwezi ndizo zinazokubali kila unachoandika.

kiberiti77 | 21:20

Nafuta utani wangu. Dada unafundisha wapi?

Mwalimu_Kongwa | 21:33

VEGA NDANI! Haikuwa katikati kabisa, nimeisogeza kwa mishale, nikabonyeza kukubali. Nikachagua ya pili Altair, ikaanza kwenda, nusu ya njia kioo kikafifia, kikazima, kikawaka upya kuniuliza mahali na tarehe. Nimejaribu mara mbili, kila ikianza kugeuza mota mbili kwa pamoja inazimika. Natumia betri 8 ndogo za tochi, nilizinunua leo dukani.

Watoto wa bweni wanatakiwa kulala. Tunafunga kwa leo. Asanteni sana, kesho naendelea.

Fundi_Sola_Moro | 21:41

Mwalimu, hizo betri za tochi za bei rahisi ndizo zinazokusumbua. Mota moja inavumilia, zikiwa mbili umeme unashuka na ile kompyuta ndogo inakata roho kabla ya mota. Watu wengi hudhani programu imeharibika, kumbe ni njaa.

Suluhisho la mtaani: betri ya sola ya volti 12, ya Ah 7 inakutosha usiku kucha. Au adapta ya king'amuzi kama kuna umeme karibu, lakini isome kwanza kibandiko chake. Iandikwe 12V, na ampea zifike 2. Halafu tafuta kile kimchoro cha kiduara chenye alama mbili: plasi lazima iwe ndiyo inayoingia katikati. Usipokiona, pima kwa mita. Mimi nimeshaunguza bodi ya mtu kwa kuamini kwamba plagi ikiingia basi inafaa. Nililipa.

Na huo waya wa rimoti: plagi yake inafanana na tundu zingine zilizo kwenye mkono wa darubini. Soma maandishi ya pembeni, usichomeke kwa kubahatisha.

Mutua_Nanyuki | 10 Agosti, 07:12

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Naomba kuingilia kidogo. Mimi niko Nanyuki, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Yangu sio kama ya mwalimu, ni ile yenye stendi ya kulala na uzani wa chuma kwenye fimbo. Rimoti kabla ya kitu chochote inataka niielekeze kwenye Polaris, ile nyota ya kaskazini. Hiyo Polaris sijawahi kuiona maishani. Na nikishusha stendi mpaka kipimo cha sifuri, fimbo ya uzani inagonga mguu wa tripodi. Nifanyeje?

Bi_Nyota_Tanga | 07:40

Kaka Mutua, Polaris inasimama juu ya upeo kwa nyuzi zilezile za latitudo yako ya kaskazini. Nanyuki latitudo ni kama sifuri, kwa hiyo imelala kwenye upeo wenyewe, kwenye vumbi na miti. Sisi wa kusini ya hapo ndiyo kabisa, iko chini ya ardhi. Vitabu vyao vimeandikwa na mtu anayeishi nyuzi 40 na kitu.

Stendi nyingi za aina hiyo hazikutengenezwa kushuka mpaka sifuri. Wengine hufupisha mguu wa tripodi ulio upande wa kaskazini ili stendi nzima iiname, na kuzungusha tripodi ili fimbo ipite katikati ya miguu miwili. Inafanya kazi lakini hakikisha haipinduki. Kama stendi yako inaruhusu kufanya kazi kwa mtindo wa juu-chini na kushoto-kulia, achana na Polaris, tumia huo. Kwa kutazama tu, bila kupiga picha za muda mrefu, hupotezi kitu.

Mutua_Nanyuki | 07:44

Shukrani dada. Kweli kuna kiswichi cha kubadilisha, nilikuwa nakiogopa.

Mzee_wa_Matrah | 11:05

Assalaam alaykum. Nawasoma nikiwa Muscat. Mwalimu asijione mjinga, mimi mwaka jana nilibeba darubini yangu kwenda Unguja kwa shemeji zangu, nikajaza saa vizuri, tarehe vizuri, ikanipeleka upande. Nikahangaika mpaka saa saba usiku. Kumbe rimoti yangu inasahau saa kila ikizimwa lakini mahali inapakumbuka, na ilikuwa bado iko Muscat, nyuzi 23 kaskazini, wakati mimi nimekaa baraza ya Ng'ambo nyuzi 6 kusini. Shemeji zangu mpaka leo wananiuliza kama nimeshafika.

Kwa waliopita chuoni, majina ya hizo nyota yasiwatishe, ni Kiarabu kilichopondwa na Wazungu. Achernar ni akhir an-nahr, mwisho wa mto. Akhir ileile ya akheri zamani. Fomalhaut ni fam al-hut, mdomo wa samaki. Altair ni at-tair, mwenye kuruka. Ukiyajua hivyo hata kwenye orodha ya rimoti huyachanganyi.

Chuma_cha_Pua | 11:20

Mzee umenifungua. Sasa kuhusu mahali: mwalimu umejazaje? Simu inatoa namba yenye nukta.

Mwalimu_Kongwa | 12:48

Hapo nilihenyeka nikiwa nyumbani kabla hata ya kutoka. Kwenye orodha ya miji ya rimoti Kongwa haipo, na sikutarajia iwepo. Simu inanipa -6.20 na 36.42. Rimoti inataka nyuzi na dakika. Mara ya kwanza nikaandika 36 na 42, kumbe hiyo 42 sio dakika, ni sehemu ya mia. Unazidisha .42 mara 60, unapata 25. Kwa hiyo 36 na dakika 25, kisha 6 na dakika 12. Na ile alama ya kutoa ndiyo kusini. Rimoti ilikuja imewekwa N na W, nikabadilisha ziwe S na E. Nimewapa kidato cha pili kama zoezi, wameona hesabu ya desimali ina kazi.

Bi_Nyota_Tanga | 13:02

Safi. Dakika chache za mahali hata ukikosea haziumi sana. Ukikosea S na N, au E na W, ndiyo umehama dunia.

Leo usiku ukiipa nyota za kuanzia, mambo matatu. Kwanza usichukue iliyo utosini. Mota ya kushoto-kulia inahangaika sana pale, kidogo tu cha kusogea juu ni kuzunguka kwingi chini. Kwa hiyo Antares iache kwa sasa. Vega na Altair ulizochagua jana ziko karibu mno moja na nyingine. Chukua Altair mashariki na Arcturus magharibi, zina nafasi nzuri. Ukitaka Rigil Kent ya kusini, angalia usije ukachukua jirani yake Hadar. Zote mbili zinaelekeza kwenye Msalaba wa Kusini na zimeachana nyuzi 4 na nusu tu. Ile inayong'aa zaidi, iliyo mbali na Msalaba, ndiyo Rigil Kent.

Pili, kuiweka katikati. Badilisha lenzi ya jichoni, weka ile yenye namba ndogo, inakuza zaidi. Kisha ivuruge foka, yaani ule ukali wa picha, mpaka nyota iwe kama kisahani. Kisahani ni rahisi kukiweka katikati kuliko nukta.

Tatu, na hili ndilo wengi hawalijui: mguso wa mwisho uwe kwa mshale wa JUU na wa KULIA tu. Nyota ikipita katikati, irudishe nyuma zaidi kisha uilete tena kwa juu na kulia. Gia zina mchezo, kama usukani wa gari kuukuu. Unakata kushoto kidogo na gari haliendi kokote. Ukimaliza kila mara kwa upande uleule, mchezo wote unakuwa umeshalala upande mmoja, na rimoti inapokwenda yenyewe inamalizia hivyohivyo.

jua_kali_254 | 15:30

Hii yote ya nini? Tupa rimoti, nunua kile kifaa cha wifi, tumia simu. Simu inajua iko wapi na ni saa ngapi, hakuna cha 09/08.

Fundi_Sola_Moro | 15:52

Simu ina mwanga unaoua macho gizani, inapigiwa, inakata chaji. Rimoti nabonyeza bila kuitazama, vidole vinajua. Lakini sibishi, kwenye kujaza saa umesema kweli.

Bi_Nyota_Tanga | 16:10

Na kuna ujanja mwingine uliojificha. Hata saa ikiwa si sahihi, ukilazimisha nyota mbili sahihi zikae katikati, mara nyingi nyota zingine zitatoka vizuri, ukajiona bingwa. Halafu unaomba Mwezi, haupo. Mwezi unasogea kama nyuzi 13 kwa siku kati ya nyota, kwa hiyo wenyewe unahitaji saa ya kweli. Nyota zikipatikana na Mwezi ukakosekana, rudi ukakague tarehe.

Mwalimu_Kongwa | 22:47

MREJESHO.

Nimeazima betri ya sola ya mlinzi, ile inayowasha taa ya geti, kwa ahadi ya kuirudisha kabla ya saa tano. Arcturus, kisha Altair, juu na kulia, juu na kulia. Kioo kikaandika kwamba imekubali. Nikashusha pumzi.

Nikaandika M, kisha 007, namba ya kundi moja la nyota. Ikageuka hadi kwenye mkia wa Nge, ikalia pi! na kusimama. Mtoto wa kwanza kwenye mstari, binti wa kidato cha kwanza, alichungulia akanyamaza. Nikamuuliza unaona nini, akasema "mwalimu, nyingi." Nikatazama mwenyewe: nyota zimetapakaa lenzi nzima kama mtama uliomwagika kwenye mkeka mweusi. Sikuwa nimegusa mshale hata mmoja.

Tukaenda Omega Centauri, NGC 5139, rundo la nyota lililo kusini magharibi. Kwanza nilidhani nimevuruga foka tena, kama pamba. Ukitulia jicho, pamba inaanza kuvunjika kuwa chembe. Ya mwisho Albireo, nyota moja kwa macho, kwenye lenzi ni mbili, moja rangi ya dhahabu na moja samawati. Hiyo ndiyo iliyopigiwa makofi. Wamebishana rangi mpaka njia ya bwenini.

Saa nne na nusu kamili nikaandika Achernar, kwa kisirani tu. Ikageuka kusini mashariki, ikalala karibu na ardhi, pale juu ya mti wa mbuyu. Nikasubiri. Dakika kumi na tano baadaye hii hapa, inatetemeka kwenye ukungu wa upeo. Bi Nyota, shikamoo.

Bi_Nyota_Tanga | 22:55

Marahaba mwalimu, ingawa nadhani mimi ndiye mdogo 😊 Usizime swichi hovyo. Kuna sehemu ya kuiegesha kwenye menyu. Ukiiegesha kabla ya kuzima na usipoisogeza, kesho haikuulizi tena nyota mbili.

kiberiti77 | 23:01

Wakuu, Kilimia, kile kikundi cha nyota, kinaandikwaje? Bibi yangu aliniambia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, nataka nikione kwa kifaa.

Mzee_wa_Matrah | 23:10

M 045. Lakini ukiandika sasa hivi itakwambia kiko chini ya upeo. Kwenu kinatoka kwenye saa saba na nusu usiku. Na kwa darubini ya mwalimu utakatishwa tamaa, Kilimia ni kipana, kama nyuzi 2, na lenzi yake haionyeshi hata nyuzi moja. Itakupeleka sahihi, wewe utasema haijafika. Utakuwa umesimama katikati ya kijiji unaulizia kijiji. Chukua darubini ndogo ya macho mawili au tazama kwa macho matupu kama bibi.

Mwalimu_Kongwa | 11 Agosti, 06:20

Asubuhi hii nimekuta wanafunzi wamebandika plasta nyuma ya rimoti, wameandika kwa kalamu ya wino: "SAA 1 HADI 5 USIKU ONGEZA 18. SAA 6 ANDIKA 00. SAA 7 HADI 11 TOA 6. MWEZI KWANZA!!" Sijawaambia waandike. Mlinzi naye ameomba leo azungushe yeye, kama kodi ya betri.

duka_mtandao | 08:03

Mwalimu unaiuza shilingi ngapi?

Mwalimu_Kongwa | 08:05

Haiuzwi mkuu.